Waliomcheka Jade Ndio Waliomkemea

Wiki iliyopita, kwenye grupu moja ya WhatsApp niliyomo, ndugu mmoja aliandika utani wa kabila. Hazikupita dakika tano, admini akamwondoa, na sote tukaitikia amina. Tulifanya vyema. Baada ya yale tuliyoyaona mwanzoni mwa 2008, Wakenya tumejifunza kwa machozi ni maneno gani hayatamkwi hadharani. Lakini jioni iyo hiyo ikaletwa klipu ya msichana aliyeshindwa kuimba kwenye shindano la runinga, majaji wakimkejeli mpaka akalia. Grupu ikajaa vicheko. Mchungaji wenu naye aliweka kimoja.

Usiku nikamkumbuka Jade Goody wa Uingereza.

Big Brother ilianzia Uholanzi mwaka 1999. Watu wanafungiwa nyumba moja, kamera zinawatazama mchana na usiku, na watazamaji wanapiga kura nani atoke. Jade aliingia katika toleo la Uingereza la 2002, akiwa na miaka 20. Alikuwa binti wa Bermondsey, London, msaidizi kwenye kliniki ya meno. Baba yake alikuwa mtu wa kuingia na kutoka jela, na mama yake alipoteza nguvu za mkono mmoja kwa ajali ya pikipiki. Shule haikumfikisha mbali. Alipoonyesha kwamba hajui hata eneo la East Anglia lilipo katika nchi yake mwenyewe, taifa zima lilicheka. Gazeti moja kubwa liliwahimiza wasomaji wamtoe "nguruwe" yule. Hakuna aliyepeleka malalamiko ya maana. Kumcheka maskini asiyesoma, mnene, mwenye lafudhi ya mtaani, hakukuwa kosa katika kitabu cha adabu cha wakati huo. (Je, sasa ni kosa? Hebu jijibu mwenyewe.)

Januari 2007 wakamrudisha, safari hii katika toleo la watu mashuhuri, pamoja na mwigizaji wa India, Shilpa Shetty. Jade na wenzake wawili wakamwandama Shilpa. Wakaibeza lafudhi yake na mapishi yake, na Jade akambandika jina la chakula cha Kihindi mahali pa jina la ukoo. Ilikuwa dhambi, nami sitaipaka sukari. Malalamiko zaidi ya 44,000 yakafika kwa Ofcom, mamlaka ya utangazaji. Huko Patna watu wakachoma sanamu barabarani. Gordon Brown, aliyekuwa waziri wa fedha, alikuwa ziarani India wakati huo, akalazimika kulijibu swali hilo mbele ya waandishi. Mdhamini akasimamisha udhamini wake. Jade akatolewa kwa asilimia 82 ya kura, na Shilpa akaibuka mshindi.

Sasa tazameni kwa makini. Kituo kilichompangisha Jade nyumbani mle kilijua vizuri ulimi wake. Ndiyo sababu kilimwita. Ofcom ilikiadhibu kwa kukiamuru kitangaze hukumu hiyo hewani. Aliyebeba aibu ni yule binti. Magazeti yaliyomwita mnyama miaka mitano kabla yakamfundisha heshima ya binadamu, na wasomaji wakajiona wasafi.

Jade aliomba msamaha. Agosti 2008 akaenda India kuingia Bigg Boss, toleo la kwao la mchezo ule ule, na mtangazaji wake alikuwa nani? Shilpa. Akiwa mle ndani, mbele ya kamera, ndipo alipopokea habari kwamba ana saratani ya mlango wa kizazi. Akarudi kwao. Miezi iliyofuata alikubali kamera zimfuate, akisema wazi kwamba anawatafutia wanawe wawili pesa za shule. Wengine walimlaumu hata kwa hilo. Februari 2009 alifunga ndoa. Machi akabatizwa hospitalini pamoja na watoto wake. Tarehe 22 Machi akalala, akiwa na miaka 27. Ilikuwa Jumapili ya akina mama huko Uingereza.

Katika kipindi kile cha ugonjwa wake, wanawake zaidi ya laki nne juu ya idadi ya kawaida walikwenda kupimwa huko England. Dada zangu, kipimo hicho kipo hata kwenye hospitali zetu za kaunti.

Ile klipu ya msichana bado iko kwenye grupu. Nimemwandikia admini asubuhi hii, na nimeondoa kicheko changu.