KUMBUKUMBU NA GHALA: ASILI YA ISTILAHI MBILI ZA KOMPYUTA

Istilahi hubeba historia ya kitu inachokitaja. Historia hiyo ikisahauliwa, neno moja hubebeshwa vitu viwili, na mtumiaji akapata hasara. Ndivyo ilivyo kwa neno kumbukumbu, hasa miongoni mwa watumiaji wa kompyuta mpakato, yaani ile ndogo iwezayo kupakatwa mapajani. Mnunuzi huambiwa kwamba chombo kina kumbukumbu ya gigabaiti 256. Akifika nyumbani, huona kinasuasua mara afunguapo kazi tatu nne kwa pamoja. Alichotajiwa dukani ni ghala. Kumbukumbu yenyewe huenda ikawa gigabaiti 4 tu.

Yafaa tuanzie mbali kidogo. Katika miaka ya 1830, Mwingereza Charles Babbage alibuni mtambo wa hesabu ambao haukupata kukamilika. Sehemu zake kuu aliziita kwa maneno ya viwandani: kinu, ambamo tarakimu zilifanyiwa kazi, na ghala, ambamo ziliwekwa. Kinu hicho ndicho tukiitacho leo kichakataji. Mwaka 1945, John von Neumann aliandika nchini Marekani taarifa juu ya mtambo wa EDVAC, akalinganisha sehemu zake na mishipa ya fahamu ya binadamu. Ghala likaitwa kumbukumbu. Waingereza waliendelea kutumia neno la ghala kwa miaka mingi baadaye.

Kwa muda jina hilo jipya halikuleta matata. Kuanzia miaka ya 1950 kumbukumbu ilifanyizwa kwa vipete vidogo vya sumaku, navyo havikupoteza kilichomo hata umeme ulipokatika. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitoa mtambo wa RAMAC, wenye sahani 50 zilizoweza kuweka herufi milioni 5. Hilo lilikuwa ghala hasa, kubwa lakini la polepole.

Mageuzi yalikuja mwaka 1970, Intel ilipoanza kuuza kumbukumbu ya aina aliyoibuni Robert Dennard wa IBM. Kila kipande kiliweka biti 1,024 kwa chaji za umeme. Chaji hizo huvuja, hivyo hupaswa kuongezwa nguvu mara nyingi kila sekunde. Umeme ukikatika, vyote hupotea. Kumbukumbu ikawa kitu kinachosahau. Siku hizi ghala nalo katika kompyuta mpakato nyingi halina sahani, bali ni vipande vya silikoni vinavyofanana kwa macho na vile vya kumbukumbu. Ndipo mkanganyo ulipozidi.

Kwa Mswahili tatizo ni kubwa zaidi. Katika lugha yetu kumbukumbu ni jambo la kudumu: twasema kumbukumbu za mkutano, na kitu kikiwekwa katika kumbukumbu huwa hakipotei. Katika kompyuta maana hiyo imegeuzwa juu chini. Mwandishi asiyelijua hili huamini kwamba kurasa azionazo kwenye kioo zimekwisha kutunzwa, umeme ukikatika akazikosa.

Neno limekwisha kuenea, na kulifuta si rahisi. Twapendekeza lifafanuliwe hivi:

(a) Kumbukumbu ya muda: mahali pa kazi inayoendelea, hufutika chombo kinapozimwa.

(b) Ghala: mahali pa kudumu, liwe la sahani au la silikoni.

(c) Kuhifadhi: kuitoa kazi katika kumbukumbu ya muda na kuiweka ghalani.

Wako wanaopendelea hifadhi badala ya ghala. Neno hilo ni zuri, lakini tayari lina mizigo mingi: hifadhi za taifa, hifadhi ya jamii. Tukiliacha tendo kwa kuhifadhi na mahali kwa ghala, maana hazitagongana. Muuzaji naye atapaswa kutaja idadi mbili, ya kumbukumbu ya muda na ya ghala, na mwananchi atajua anacholipia.