Surua na Nuru ya Macho

Milanzi, mahali palipo karibu na mji wa Sumbawanga, hutajwa katika masimulizi ya Wafipa kuwa chimbuko la utawala wao wa kale. Nchi inayopazunguka ni uwanda wa juu wenye baridi na upepo, na nguzo ya chakula chake ni ugali, wa ulezi tangu zamani na wa mahindi baadaye, pamoja na maharagwe. Vyakula hivyo hushibisha na kutia nguvu. Walakini ulezi, maharagwe na mahindi meupe karibu havina vitamini A, ambayo haina budi kutafutwa katika mboga za majani, maboga, au dagaa wa Ziwa Tanganyika. Mtoto akikosa kitoweo cha namna hiyo, upungufu wake waweza kufichika mpaka siku ya surua.

Hata kufikia miaka ya 1980 surua ilikuwa miongoni mwa sababu kuu za upofu wa watoto katika Tanzania nzima. Lakini haikuwapofusha wote. Watoto wawili wa nyumba moja huweza kuugua pamoja, macho yakawa mekundu na kuukimbia mwanga. Mmoja akapona kabisa, mwingine akabaki na kovu jeupe. Ni wepesi mno kusema kwamba mama wa huyu wa pili alizembea.

Virusi vya surua hushambulia jicho lenyewe, hata konea, yaani ule utando mwangavu ulio mbele ya mboni. Mwili wenye afya hauchelewi kujibu. Machozi huosha, chembe zilizovamiwa hutoa intaferoni, iliyogunduliwa London mwaka 1957, nayo huzionya chembe jirani, kisha huja chembe nyeupe za damu, ambazo huziua zile zilizokwisha kutekwa. Vita hivyo hupiganwa kwa hadhari, kwa kuwa konea haina mishipa ya damu, na ghadhabu ya walinzi yaweza kuitia ukungu kuliko adui mwenyewe. Mwaka 1948 Peter Medawar alipandikiza ngozi ya kigeni ndani ya macho ya sungura, akaona kwamba humo, tofauti na mahali pengine mwilini, yaweza kuvumiliwa.

Sasa surua ina hila ya pekee: huwadhoofisha walinzi wenyewe. Clemens von Pirquet aliliona jambo hili mwaka 1908, alipopima watoto waliokuwa na dalili ya kifua kikuu katika ngozi, akakuta dalili hiyo imetoweka wakati wa surua. Katika pengo hilo huweza kushuka virusi vya malengelenge, ambavyo hujificha miaka mingi katika neva ya uso vikilindwa na chembe nyeupe, vikachoma konea. Wakati huohuo homa humaliza akiba ya vitamini A iliyomo katika ini. Bila vitamini hiyo ngozi ya jicho hukauka, na konea yaweza kuyeyuka kwa siku chache tu.

Ushahidi mkubwa wa mambo haya ulipatikana Tanzania, ingawa si Ufipa. Mwaka 1987 Allen Foster na Alfred Sommer walieleza habari za watoto 130 wenye vidonda vya konea: asilimia 37 ya vidonda vilifuata surua, na kilichopofusha zaidi macho yote mawili kilikuwa upungufu wa vitamini A. Malengelenge yalikuwamo, na dawa za kienyeji za macho pia, jambo ambalo halipendezi kulitaja lakini ni kweli.

Mwaka uohuo ilitangazwa habari ya hospitali ya Mvumi, Dodoma. Watoto 180 wenye surua waligawanywa kwa bahati nasibu, na baadhi yao wakapewa yuniti 200,000 za vitamini A siku mbili mfululizo. Kati ya 88 waliopewa walikufa 6. Kati ya 92 wasiopewa walikufa 12. Tofauti hiyo yaweza kuwa ya bahati. Lakini kwa walio chini ya miaka miwili haikuwa rahisi kuikana: alikufa 1 kati ya 46, na 7 kati ya 42.

Chanjo ya surua, iliyoanza kutolewa kwa mpango wa taifa mwaka 1975, iliendelea kuenea, na mwaka 2014 ikaongezwa dozi ya pili. Matone ya vitamini A nayo hutolewa kila miezi sita kwa watoto walio chini ya miaka mitano, Milanzi kama kwingineko.