Ngitili: Majani Yanayongoja Kiangazi

Watoto wetu waliozaliwa hapa Stratford huuliza shamba la babu lina nini hata barua zake hazikomi. Nimeona nieleze habari ya ngitili, maana mwaka huu jamaa wote mnatakiwa kutoa rai juu yake.

Ngitili ni sehemu ya malisho ambayo Msukuma huifunga mvua zinapoanza, yapata Novemba, mifugo isiikanyage. Mvua hukoma Mei, majani yamesimama marefu, na bado hayaguswi. Ng'ombe humaliza kwanza mabua mashambani. Ikifika Julai au Agosti, nje kumebaki vumbi, ndipo ngitili hufunguliwa, tena si yote kwa mara moja. Hulishwa kipande kwa kipande, na wanaotangulia ni ndama, ng'ombe wa maziwa, wagonjwa na maksai wa kulimia. Wenye nguvu hupelekwa mbali. Mara nyingi hakuna ua. Mpaka ni mti, kichuguu au njia. Anayeingiza mifugo wakati wa kufunga hushtakiwa mbele ya dagashida, yaani baraza la wanakijiji, akatozwa faini. Mama zetu walipata humo kuni, nyasi za kuezekea na dawa, jambo ambalo wanaume hulisahau wanapohesabu faida.

Desturi hii nusura ipotee. Tangu miaka ya 1920 serikali ya Mwingereza ilifyeka miti mingi Shinyanga ili kuwamaliza mbung'o, kisha mashamba ya pamba yakala malisho. Mwaka 1974 ikaja Operesheni Vijiji. Mtu aliyehamishwa hawezi kulinda majani asiyoyaona; nasema hivi nami ni mtu niliyeuamini Ujamaa. Mwaka 1986 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni mkazo ulikuwa kupanda miche, lakini kilichofanikiwa zaidi ni kuwaachia wenyeji wafunge ngitili zao kama zamani, za familia na za kijiji. Zilizokuwa hekta 600 hivi mwaka ule zilipita 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Wala si mambo ya Usukuma peke yake. Jirani zetu wa Leyton, kando ya mto Lea, nao walifunga malisho mpaka majani yakatwe, wakayafungua Agosti kwa mifugo ya wote. Mwaka 1892 umati ulikwenda kung'oa ua wa kampuni ya maji iliyoyaingilia.

Sasa ya kwetu. Ndugu walioko nyumbani wanapendekeza ekari zetu 20 zigawiwe warithi, kila mmoja alime mpunga. Sisi wa Stratford tusijione wakubwa kwa kuwa tunatuma pauni. Anayekesha na ng'ombe ndiye ajuaye njaa ya Septemba, na shida ya karo wanayoitaja ni ya kweli. Hata hivyo mimi sikubali. Ekari mbili mbili hazifungiki: ng'ombe humaliza kipande kwa siku chache, na hakuna kingine cha kuwahamishia. Afadhali tuchangie karo, ngitili ibaki moja.

Wanangoja majibu kabla ya mvua za Novemba, maana jembe likishapita hakuna cha kufunga. Kila nyumba impe katibu wa ukoo jina na rai yake. Mabinti walioolewa nao wahesabiwe.