Aina tupu na gramu sifuri za Chunya

Wadau, samahani kwa kimya, mitihani ilitubana. Leo historia kidogo, ila naanzia nyumbani Chunya.

Likizo iliyopita nilimwandikia mjomba, mnunuzi wa dhahabu, programu ya manunuzi. Kila rekodi ilikuwa na milango miwili: "haijapimwa", au gramu. Kwenye malipo, mlango wa kwanza niliujazia sifuri, nikaandika pembeni: "hapa hatufiki kamwe". Tukafika! Umeme ulikatika katikati ya kupima, na mzee mmoja mchimbaji akasomeka gramu sifuri. Bahati mjomba alikuwa na daftari. "Mpwa wangu, hii mashine yako inadhulumu watu." Jamani, aibu niliyoipata!

Kumbe dawa yake ni ya siku nyingi. Mwaka 1908 Bertrand Russell alichapisha nadharia ya aina ili kuzuia mikanganyiko iliyoitikisa hisabati. Mwaka 1940 Alonzo Church akaziweka aina kwenye kalkulasi yake ya lambda, mama wa lugha za programu zinazojengwa kwa fanksheni. Mwaka 1969 William Howard, akifuata alichokiona Haskell Curry, akaandika kwamba kauli ni aina, na uthibitisho wake ni programu. Andiko hilo lilichapwa 1980. Sasa kauli isiyo na uthibitisho wowote itakuwa nini? Aina isiyo na kitu ndani. Aina tupu.

Lugha ya Haskell, iliyotoka 1990 kwa jina la huyo Curry, ilizikubali rasmi aina tupu kwenye ripoti ya Haskell 2010. Mwaka 2015 ile inayoitwa Void ikaingia kwenye maktaba yake ya msingi.

Basi nimeandika upya. Hatua ya kupima ikiisha, inatoa rekodi ambayo mlango wake wa "haijapimwa" unadai kitu cha aina ya Void. Hakipo, kwa hiyo hakuna wa kuupita. Malipo yanapokea rekodi ya namna hiyo tu. Ukileta isiyopimwa, kompaila inagoma kabla programu haijafika dukani.

Si muujiza lakini. Kwenye Haskell, hesabu inayozunguka bila mwisho hupita hata kama Void. Agda ni kali zaidi, hukagua na hilo.

Ila nimejifunza: "haiwezekani" ya pembeni ni ahadi yangu tu. Ya kwenye aina ina shahidi. Mzee wa watu alistahili shahidi.

Haya wadau, tuonane bumu likiingia.