Mstari mdogo chini ya tangazo la mji

Familia za Kongo zilizotoka kambi za Nyarugusu na Nakivale na kupokelewa Marekani zinayajua matangazo ya ofisi ya meya: mkutano juu ya maji, mkutano juu ya kodi ya nyumba, mkutano juu ya shule. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kuna mstari unaosema kwamba mwenye ulemavu, au mwenye kuhitaji mkalimani, aarifu ofisi siku chache mbele, naye atasaidiwa bila kulipa. Wengi wanaupita. Wanadhani ni maneno ya adabu tu.

Mstari huo ulipiganiwa. Tena una nusu mbili, ya ulemavu na ya lugha, ambazo hazikuzaliwa siku moja wala hazina nguvu sawa. Jambo hilo si dogo kwa Wakongomani: katika mwaka wa bajeti wa 2019 peke yake, kati ya wakimbizi 30,000 waliopokelewa Marekani, karibu 13,000 walitoka Kongo.

Nusu ya ulemavu ilianza mwaka 1973. Rais Nixon alitia sahihi sheria ambayo kifungu chake cha 504 kilikataza shule, hospitali au ofisi yoyote inayopokea pesa za serikali kuu kumbagua mtu kwa sababu ya ulemavu. Maneno yalikuwa mazuri, lakini kanuni za kuyatekeleza zilikaa mezani karibu miaka minne. Anayejua ofisi za Kongo hatashangaa.

Tarehe 5 mwezi wa nne 1977 walemavu walichoka kungoja. Huko San Francisco zaidi ya watu mia moja waliingia katika jengo la serikali kuu wakakataa kutoka. Kati yao alikuwemo Judy Heumann, aliyepooza kwa polio akiwa mtoto, na ambaye mwaka 1970 alishtaki wakubwa wa shule za New York kwa kumnyima kazi ya ualimu. Walilala sakafuni, watu ambao wengine wao hawakuweza kujigeuza usiku bila msaada. Simu zilipokatwa, viziwi walikwenda dirishani wakapeleka habari kwa wenzao wa nje kwa lugha ya ishara. Chama cha Weusi, Black Panther Party, kiliwaletea chakula cha moto. Tarehe 28 ya mwezi ule ule waziri Joseph Califano alitia sahihi.

Hata hivyo, kifungu cha 504 kiliwafunga wale tu wanaopokea pesa za serikali kuu. Mwezi wa tatu 1990 walemavu waliacha viti vyao vya magurudumu chini ya ngazi za bunge mjini Washington wakazipanda kwa kutambaa, na mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka 8. Tarehe 26 mwezi wa saba mwaka huo ikatoka sheria mpya, nayo ikagusa kila serikali ya mji na ya jimbo, hata ile isiyopokea senti moja kutoka Washington. Gharama ya mkalimani wa ishara ni ya ofisi. Haiwezi kumrudishia mlemavu bili.

Sheria kuandikwa haikumaanisha kufuatwa. Mwaka 1996, katika jimbo la Tennessee, George Lane aliitwa mahakamani Polk County. Chumba cha hakimu kilikuwa ghorofani na lifti haikuwepo. Mara ya kwanza alipanda ngazi akitambaa. Mara ya pili alikataa kutambaa, akakataa pia kubebwa. Alikamatwa na kufungwa, eti hakufika mbele ya hakimu. Kesi aliyofungua baadaye ilifika Mahakama Kuu ya nchi, na mwaka 2004 majaji watano kati ya tisa walimpa haki.

Nusu ya lugha ilikuwa na njia yake. Sheria ya mwaka 1964 ilikataza wanaopokea pesa za serikali kuu kubagua mtu kwa rangi au kwa asili ya taifa lake, lakini haikutaja lugha. Mwaka 1974, katika mji ule ule wa San Francisco, watoto wa Kichina karibu 1,800 walikuwa wakikaa darasani bila kuelewa Kiingereza cha mwalimu na bila msaada wowote. Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwapa kitabu kile kile na mwalimu yule yule si usawa. Mwaka 2000 Rais Clinton aliagiza ofisi zote za serikali kuu, pamoja na wanaopokea pesa zake, zihudumie wasiojua Kiingereza.

Lakini agizo la rais hufutwa na rais mwingine. Tarehe 1 mwezi wa tatu 2025 Rais Trump alilifuta, akakitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi. Sheria ya 1964 imebaki, na miji yenye sheria zake yenyewe inaendelea. New York, kwa mfano, imeweka lugha kumi: Kifaransa kimo, Kiswahili hakimo. Kwa mzazi kiziwi, kanuni zinakataza ofisi kumtegemea mtoto wake mdogo kama mkalimani, isipokuwa kwa hatari ya ghafla. Mama anayesikia vizuri lakini anajua Kiswahili tu hana kinga ya uzito huo, ndiyo maana bado watoto wanatolewa shule kwenda kutafsiri barua za wakubwa.

Kongo nayo ina maandishi yake. Kifungu cha 1 cha katiba ya 2006 kinakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi. Kifungu cha 49 kinawapa walemavu haki ya ulinzi wa pekee, na sheria namba 22/003 ya tarehe 3 mwezi wa tano 2022 inaeleza haki zao kwa urefu. Aliyekimbia vita kwa magongo, akifika ofisini kuandikishwa, anaweza kuvitaja hivyo kwa namba. Na karatasi ikiwa ya Kifaransa, anaweza kuomba asomewe kwa Kiswahili mbele ya kuweka kidole.