Tabaruku iliyofutwa na fundi wa fidla aliyesahaulika

MWANAFUNZI wangu mmoja wa uzamili aliniletea rasimu ya tasnifu yake mara mbili. Mara ya kwanza, ukurasa wa tabaruku ulimtaja rafiki yake kwa jina kamili na sifa tele. Mara ya pili jina lile halikuwapo. Mahali pake palikuwa na jina la mjomba aliyemlipia karo ya muhula wa mwisho. Nilipomuuliza kulikoni, alicheka tu akasema, “Prof, hayo tuyaache. Tulikosana.”

Neno tabaruku tumelipata katika Kiarabu, na mzizi wake ni uleule wa baraka. Mwandishi anayemtabarukia mtu kazi yake anaitafutia baraka. Lakini tuseme ukweli: ni nani husoma ukurasa huo? Sijawahi kuona mtahini akitunga swali kuhusu tabaruku. Wasomaji wengi huuruka wakaanza sura ya kwanza. Hata hivyo, jina likiandikwa pale au likifutwa, linaweza kumweka mtu katika historia au kumtoa. Kisa cha mwanafunzi wangu kilinikumbusha kingine, cha mwaka 1803, kilichompata mpiga fidla aliyeitwa George Bridgetower.

Bridgetower alizaliwa 1778 hivi katika mji wa Biała, Poland. Baba yake alikuwa mtu mweusi ambaye asili yake inahusishwa na visiwa vya Karibi, na mama yake alikuwa mzungu. Kijana aliinukia katika fidla mapema mno. Mwaka 1789, akiwa mtoto wa miaka kumi hivi, aliwatumbuiza watu wa Paris, kisha babake akamvusha hadi Uingereza. Huko baba alijinadi kuwa mwanamfalme wa Kiafrika, na mwana akachukuliwa chini ya ulezi wa mrithi wa ufalme, yule aliyekuja kuwa Mfalme George wa Nne.

Mwaka 1802 Bridgetower aliomba ruhusa kwenda kumwona mamake Dresden. Kutoka huko alifika Vienna, na huko akajulishwa kwa Ludwig van Beethoven. Wawili hao walipatana mara moja, na Beethoven akaamua kumtungia sonata ya fidla na piano. Sonata, kwa asili yake ya Kiitaliano, ni kitu kinacholizwa kwa ala, tofauti na kantata, ambayo huimbwa.

Tatizo lilikuwa muda. Tamasha lilipangwa kufanyika katika bustani ya Augarten tarehe 24 Mei 1803, saa mbili asubuhi. Ferdinand Ries, mwanafunzi wa Beethoven, alikumbuka alivyoitwa saa kumi na nusu alfajiri ili anakili haraka sehemu ya fidla. Sehemu ya pili haikupata hata wa kuinakili, kwa hiyo Bridgetower aliicheza akichungulia mwandiko wa Beethoven mwenyewe. Sehemu ya tatu nayo ilikuwa imetungwa awali kwa ajili ya sonata nyingine. Na Beethoven je? Kwa upande wa piano alikuwa na vidokezo vya hapa na pale tu, mengine yakiwa kichwani.

Katikati ya onyesho hilo Bridgetower alifanya jambo ambalo wapigaji wengi wasingethubutu. Aliongeza mapambo yake mwenyewe, akimwigiza Beethoven alivyofanya kwenye piano. Kwa masimulizi ya Bridgetower, Beethoven hakukasirika, bali aliruka kutoka kitini, akamkumbatia na kumtaka arudie. Baadaye alimpa zawadi ya kifaa cha chuma chenye umbo la uma, kile kinachogongwa ili kutoa sauti ya kusawazishia ala.

Hebu sasa tutazame tabaruku yenyewe. Juu ya mwandiko wa awali Beethoven aliandika kwa mzaha, kwa Kiitaliano, kwamba ni sonata ya kichotara iliyotungiwa chotara huyo, mwendawazimu mkubwa. Utani wa marafiki, naam, lakini neno alilotumia, mulatto, lina historia nzito. Wanaisimu wengi hulihusisha na neno la Kihispania na Kireno la nyumbu, mnyama anayezaliwa na punda na farasi. Wengine hulirejesha kwenye muwallad la Kiarabu, lenye mzizi mmoja na maulidi yetu. Hata sisi Waswahili hatuna pa kujificha hapa, maana suriama hututajia suria, yaani mama mtumwa, kabla hatujamwona mwana. Hata hivyo, katika mzaha ule jina la Bridgetower lilikuwapo.

Halikudumu. Kama Bridgetower alivyosimulia uzeeni, yeye na Beethoven walikosana kabla hajaondoka Vienna, na chanzo kilikuwa mwanamke. Pia wataalamu hutaja sababu nyingine isiyo na mahaba: Beethoven alikuwa akifikiria kuhamia Paris, na huko jina la chotara kutoka London lisingemfungulia mlango. Sonata ilipochapishwa 1805 ilikuwa imetabarukiwa Rodolphe Kreutzer, mmoja wa wapiga fidla wakuu wa Paris. Kumbe Kreutzer mwenyewe hakuwahi kuicheza hadharani! Inasemekana aliiona kuwa haieleweki.

Beethoven hakuwa mgeni wa kufuta majina. Mwaka 1804, aliposikia kwamba Napoleon amejitangaza kuwa mfalme mkuu, alilikwangua jina lake kwenye jalada la simfonia yake ya tatu kwa nguvu hata karatasi ikatoboka. Tundu hilo lingalipo Vienna hadi leo, na kila mwanafunzi wa muziki husimuliwa kisa chake. Hiyo ndiyo tofauti ya wenye nguvu na wasio nazo. Napoleon alifutwa, na kufutwa kwake kukawa historia. Bridgetower alifutwa, nasi hatukuona hata tundu.

Baada ya hapo dunia ilijua Sonata ya Kreutzer tu. Tolstoy akaiandikia novela yenye jina hilo mwaka 1889, kisha Janáček akatunga muziki kutokana na novela hiyo. Bridgetower alirudi Uingereza, akapata shahada ya muziki Cambridge mwaka 1811, akafa 1860 huko Peckham, kusini mwa London. Ule uma wa chuma umehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza, na ndio hutukumbusha kwamba urafiki ule ulikuwapo.

Kwa hiyo anayeitaja sonata hiyo kwa Kiswahili, redioni au darasani, na aongeze maneno machache tu: “aliyotungiwa Bridgetower”. Hayamnyang’anyi Kreutzer chochote.

Mwanafunzi wangu nilimsimulia haya yote. Nikamwambia mjomba abaki kwenye tabaruku, ila yule rafiki aliyekesha naye akisahihisha sura tano amtaje japo katika shukrani. Amesema atafikiria.