Chuo cha wachungaji kilichozaliwa Kisauni

Kwa makanisa ya Mombasa bara, kuanzia Shika Adabu, Likoni, hadi Kisauni, kufungua kanisa ni kazi moja na kupata mchungaji wa kulilea ni nyingine. Mmishenari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, lakini Waafrika wa kwanza, William Jones na Ishmael Semler, watumwa waliokombolewa, walipewa ushemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885. Hannington alipouawa Busoga mwaka huohuo, Jones ndiye aliyeurejesha msafara pwani.

Chuo cha wachungaji kilianzishwa Frere Town, Kisauni, mwaka 1903. Mwaka 1930 kilihamishiwa Limuru, mbali na pwani iliyokizaa. Mwaka 1955 Waanglikana, Wamethodisti na Wapresbiteri waliungana kukiendesha. Sasa ni Chuo Kikuu cha St Paul's.